Gome la Pili

Kano ya bega lako, Baba, ilikatika Jumanne,
nyundo ikiwa hewani.
Ulisema ililia kama kijiti kikavu,
ukamalizia kipande kwa mkono wa kushoto
kwa sababu gome halingoji:
likikauka kabla ya kupigwa, limekwisha.

Daktari wa Masaka akakuandikia vidonge na mapumziko.
Mapumziko! Wewe,
uliyepiga gome hata asubuhi ya arusi yako.

Mimi niko Kampala, chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu,
nimevaa glavu, natengeneza uzi usioonekana.
Usicheke. Ni hariri iliyoyeyushwa ikawa uji mwepesi.
Naitia kwenye bomba la sindano, nawasha volti elfu kumi na tano,
na tone lililo nchani linashtuka, linanyooka, linakimbia,
linakuwa uzi mwembamba mara mia kuliko unywele,
unajiviringisha juu ya pipa linalozunguka.
Pipa likienda polepole, nyuzi hulala ovyo
kama nywele za mtoto aliyeamka sasa hivi.
Likienda mbio, hulala upande mmoja,
kama mvua ya upepo.
Ule upande mmoja umenila miaka mitatu.

Kwa maana kano si nyama.
Kano ni kamba, kazi yake kuvutwa.
Ikikatika, mwili huziba pengo kwa kovu,
na kovu ni fundi mvivu,
hushona huku na huku, mradi kumekucha.

Basi nalijengea pengo kiunzi cha nyuzi,
na juu yake napanda seli shina kutoka ubohoni,
zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini.
Jina hilo, shina, sikulitunga mimi.
Lakini kila nikilitamka naona mutuba wetu wa Bukomansimbi,
kabari yako ya mgomba ikipita chini ya gome,
gome likivuka kama shati,
shina likibaki uchi, limelowa,
na wewe unalifunga majani ya mgomba, haraka haraka,
jua lisilione.
Nilikuwa na miaka sita. Nikauliza: halitakufa?
Ukasema: njoo mwakani.

Seli nazo zina tabia zake.
Juu ya plastiki hutanuka kila upande, zimestarehe.
Juu ya nyuzi zangu hujinyoosha, zikafuata mstari.
Kisha mashine huzivuta kidogo, huziachia, huzivuta,
mchana na usiku,
kwa kuwa hakuna kano iliyojifunza ukano kwa kulala.
(Usimwambie daktari wa Masaka.)

Mwezi wa tatu umeme ulikatika, jenereta likagoma,
sahani arobaini zikafa kabla ya alfajiri.
Akullo alilia. Mimi nilifua makoti yote ya maabara,
hata yaliyokuwa safi.

Sungura namba kumi na moja, wiki ya nane:
tuliweka kipande chake chini ya hadubini,
na kumbe amejifumia nyuzi zake mwenyewe, zimenyooka,
na zangu zimeanza kuyeyuka katikati yake,
kama majani ya mgomba yanavyooza na kudondoka
bila kuambiwa
gome likirudi.
Sungura namba kumi na mbili: kovu tupu.
Uzi uleule, seli zilezile. Sijui kwa nini.

Jumapili ulipiga simu.
“Hicho kitambaa chako, kimeiva?”
Nikasema bado. Ukauliza miaka mingapi.
Nikasema labda kumi, na nikakumbuka una sitini na minane.
Ukanyamaza. Nikasikia nyundo,
pa, kimya kirefu, pa,
mapigo ya mkono usiozoea.

“Gome la kwanza,” ukasema, “huwa gumu, lina madoa.
Tunalivua ili la pili lije.”

Halafu ukauliza kama nimekula.