Mpigaji wa Tano

Kwenye jalada majina ni manne:
Lucius Tarver, saksafoni. Odell Prewitt, piano.
Roscoe Bivens, ngoma. Na kijana wetu Ejnar, besi,
mtoto wa mshona viatu wa mtaa wa nyuma.
Baba yangu hayumo.
Baba hakujua hata kupiga mluzi.

Alikuwa mtunza boila.
Februari ile Kopenhagen iliganda hadi vitasa vya milango,
na ghala la maziwa walilolifanya studio
lilinuka mtindi kila kuta zilipopata moto.
Fundi wa kanda, Bwana Mogensen, alimwonya mapema:
Saa nne usiku, Holger, uzime. Mabomba yako yana maneno.
Saa nne baba akazima.
Saa tano Odell akapulizia viganja vyake,
akasema kwa Kidenishi cha kuokoteza
kwamba vidole hivi si vyake tena, ni vya mtu anayemdai.

Baba hakungoja amri.
Alishuka ngazi akakoleza makaa.
Mimi nina miaka tisa, nimekalia kreti,
natafuna mkate mweusi taratibu, nisisikike.

Watu husema walikuja kwetu kutafuta uhuru.
Huenda. Roscoe alimwambia mama
kwamba yeye alikuja kutafuta usingizi:
kwao Tulsa, tangu utotoni, alilala na viatu miguuni.
Hapa akavivua.
Lakini hapa pia chumba kilichotangazwa gazetini alfajiri
kilikuwa kimeshapata mtu
mara tu mwenye nyumba alipofungua mlango na kumwona.
Basi akalala jikoni kwetu miezi mitano,
viatu vyake kando ya vya baba,
vya baba vikionekana vya mtoto.

Upande wa pili, wimbo wa tatu.
Lucius anaanza peke yake, chini sana,
kama mtu anayeueleza mlango uliofungwa jambo refu.
Anafika pa kumalizia. Anaacha.

Ngo. Ngo. Ngo.

Bomba.
Linabisha hodi kutoka ukutani.
Mogensen kashika kichwa, mkono mwingine uko kwenye swichi.
Roscoe hamtazami mtu.
Anageuza kijiti, anagonga ukingo wa ngoma,
ngo, ngo,
anaiacha ya tatu wazi, kama kiti.
Na bomba linakaa.

Tega sikio: hapo Ejnar anacheka puani.
Hapo Odell anaingia kwa mkono wa kushoto tu,
wa kulia ameukalia upate joto.
Mogensen ameutoa mkono kwenye swichi,
na baba kule chini, uso mweusi kwa vumbi la makaa,
hajui lolote, anaongeza koleo jingine.

Wajuzi wameziandika sana zile ngo.
Mmoja asema ni kengele ya kanisa.
Mwingine amejaza kurasa mbili
juu ya reli, nyundo, na wafungwa wa shokoa.
Nilianza kumwandikia barua ya kumsahihisha, nikaichana.
Nani ajuaye Roscoe alisikia nini
kabla hajajibu?

Baba aliona haya mwaka mzima.
Alidhani ameharibu kazi ya watu.
Santuri ilipotoka hakuinunua; Roscoe aliileta mwenyewe,
na kwenye nakala yetu, chini ya majina manne,
lipo la tano, kwa kalamu ya risasi:
Holger Bruun, makaa.
Baba akaiweka juu ya kabati, mbali na joto.

Tulimzika Roscoe siku ya Jumanne, mvua ya rasharasha.
Kutoka Tulsa hakuja mtu; ilikuja simu ya maandishi,
na jina lake limekosewa herufi.
Lucius alikuwa Paris, hana nauli.
Kasisi alipofunga kitabu
baba akavua glavu, akainama,
akagonga jeneza mara mbili.

Tukangoja.