Ufunguo wa Sakristia

Barua ya askofu ilisomwa kwa dakika nne.
Kanisa limeuzwa; patakuwa ukumbi wa mazoezi.
Fernande, miaka arobaini na moja
akifua vitambaa vya altare,
akivipiga pasi hadi mikunjo isalimu amri,
hakulia. Aliuliza tu: na mishumaa iliyobaki?

Padri aliyewabatiza wanawe yuko gerezani.
Hilo halisemi. Hulimeza kama mwiba wa samaki,
na mkate juu yake.

Leo huku Kebeki theluji imefika magotini.
Anashika koleo, anafanya ishara ya msalaba:
mkono umetangulia, moyo unafuata ukichechemea.
"Nimekukasirikia," anamwambia Mungu.
"Lakini nimkasirikie nani mwingine
anijuaye tangu kisima cha ubatizo?"

Mfukoni, ufunguo.
Hakuna aliyeudai.