Kibati cha Mlangoni

Gereji ya Shimanzi, saa nane, bati lachoma.
Twalibu asugua kibati cha Shevrole
kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa.
Kutu yabanduka kama ukoko.
V: silinda nane.
57: mwaka.
F: Flint, mji asioujua hata kwa picha;
kisha tarakimu,
foleni ya ndugu waliozaliwa wiki moja.

Afungua boneti. Injini yakana.
Muhuri wake ni wa hamsini na tano,
herufi nyengine, kiwanda chengine.
Gari mbili, kumbe, zilizoozwa kwa moto wa welda.

Amwambia Bi Nunu kwa haya, macho chini.
Bibi acheka hata buibui lamshuka:
“Marehemu naye, jina la pasi
silo alilopewa na mamake.
Na Malindi alinifikisha kila Idi.
Tia petroli.”