Ila

Binti yangu Permelia ndiye aliyetusomea,
kidole kikipita chini ya maandishi
kama plau kwenye tuta la pamba:
utumwa… hautakuwapo.
Yaliyobaki yalizama katika kelele zetu.
Jioni ile Hezekia alijichagulia jina la ukoo,
akalijaribu mdomoni kama kiatu kipya:
Tolliver. Hezekia Tolliver.

Kizuri hakikosi ila,
na ila ilikuwa pale pale, katikati ya sentensi,
herufi tatu zimejikunyata nyuma ya mkato:
ila iwe adhabu ya kosa.

Mwaka wa kumi wa uhuru akakamatwa stesheni,
mikono mfukoni, akingoja ujira aliodhulumiwa.
Kosa: uzururaji.
Faini dola kumi; za sherifu, za karani, za pingu, arobaini.
Hatukuwa nazo.
Kampuni ya makaa ya mawe ilikuwa nazo.

Hakimu hakumwita mtumwa, la.
Alimwita Tolliver,
akaliandika jina zima kwa mwandiko mzuri.

Mtumwa alikuwa mali; akiugua, bwana alihesabu hasara.
Mfungwa wa kukodi akifa, huletwa mwingine.
Barua ya mgodini ilikuwa na mistari miwili,
na jina wamelikosea.

Permelia sasa ni mwalimu, Alabama hii hii.
Vitabu vinasema penye mkato msomaji hupumua.
Yeye huwafikisha watoto hapo, akagonga ubao:
Hapa, asipumue mtu.