Kidoti cha Tano

Mama alikuwa na kidole gumba kilichojua kusoma dola.
Alipapasa kola ya yule mzee wa kwenye noti,
akaiinua kuelekea mwanga wa mlangoni,
akatafuta mpasuko pembeni, hata wa unywele,
na ukiwepo aliirudisha:
"Hii, baba, hata Kadutu hawaitaki."

Mimi nilirithi duka, sikurithi kidole.
Rangi, misumari, bawaba, hapa Nguba,
na mashine ya kadi juu ya meza yake ileile.
Kadi haina kola. Hainuki jasho la soko.
Ya mwizi na ya mwenyewe
zina ulaini mmoja.

Mwezi wa sita alikuja kijana, shati limepigwa pasi,
kitambulisho kifuani, ananiita "mama patroni".
Mashine yako imechoka, alisema,
benki imenituma, dakika kumi tu.
Nikampa stuli. Nikampa na chai, Mungu wangu,
na kipande cha mkate.
Umeme ulikuwa umekatika, jenereta ya jirani inanguruma;
sikusikia bisibisi yake inasema nini.

Wiki ya tatu simu zikaanza.
Sista Bénigne: "Nilinunua rangi nyeupe kwako,
sijaitoa tena kadi popote."
Byamungu dereva: mshahara wa mwezi
umechukuliwa Kinshasa, saa nane za usiku,
yeye amelala hapahapa na watoto.
Hakuna aliyenitukana.
Walinyamaza kidogo tu kabla ya kuaga,
na kimya kile
bado nakilipa.

Sasa mashine inalala chumbani kwangu.
Skrubu zake nne nimezipaka rangi ya kucha
ya binti yangu Nsimire, nyekundu ya harusi.
Asubuhi, kabla ya kufungua, nazikagua:
haijapasuka, haijapasuka, haijapasuka,
haijapasuka.
Fundi akija, asubiri nje.
Nawapigia benki kwa namba ya kwenye mkataba,
ule wa ndani ya kopo la maziwa,
si namba anayonisomea yeye.
Wa mwisho alingoja dakika mbili,
akakumbuka ana dharura Panzi.

Jana akaja mwalimu Cishugi, macho yake yana ukungu,
anataka kitasa.
Nikamsogezea mashine, naye akaanza
kwa sauti ileile ya darasa la tatu:
"Nne! Mbili!"
na watu watano dukani.
Nikaziba masikio, nikapiga kelele kama mwehu:
Mwalimu, nyamaza!
Watu wakacheka. Akacheka na yeye.

Nikakishika kidole gumba chake, kikavu kama chaki,
nikakiweka katikati ya vitufe.
"Sikia hapo. Kuna kidoti. Hiyo ni tano.
Kutoka hapo njia unaijua."
Kisha nikageuka,
nikatazama ziwa, kile kipande kinachoonekana
kati ya mabati ya jirani.

Nyuma yangu, polepole,
kidole kilikuwa kinasoma.