Ming'oko ya Liang

Somoe, sanduku bado liko katikati ya chumba,
siku ya nne leo, hapa Chikongola,
nawe unaliruka ukienda jikoni
kama mtu anayevuka mfereji.

Nani ataamini? Treni ya Chengdu
ilikwenda kama uongo:
hujamaliza kumenya chungwa, mji umepita,
mwingine unakuja, maghorofa yamewashwa taa
mchana kweupe.
Nilihesabu hadi kumi na saba, nikasinzia.
Wewe hukusinzia. Ulinishika bega,
ukasema, "Na hawa wote wanakula nini?"

Liang alitupokea kwa Kiswahili chake cha Msimbati,
cha miaka ile ya bomba la gesi:
"Marahaba!" kabla hatujaamkia,
kisha, bila kuzitazama kilo tatu za korosho,
"Ming'oko yangu iko wapi?"

Iko wapi! Uwanja wa ndege wa Guangzhou,
mikononi mwa binti mwenye glavu
aliyeinusa, akamwita mwenzake, naye akainusa,
wakaitupa kama vidole vya maiti.

Hukumjibu. Uliifungua ile kanga iliyoibeba,
ingali na udongo wa Nanyamba kwenye pindo,
ukampa.
Mtu mzima, mbele ya mkewe na mama yake,
akaizika pua humo.
Mama mtu akauliza kitu.
Hakuna aliyetafsiri.

Basi acha sanduku lilale hapo.
Ndani mna doti iliyobaki upande mmoja,
na jana Liang alipopiga simu
hakuuliza tulifikaje.
Aliuliza kama mvua imenyesha Nanyamba.