Kopo Lile Lile

Kopo hili la maziwa ya unga nimeliuza mara kumi na nne.
Ligeuze, utazame kitako: nimekwaruza kwa msumari,
mstari mmoja kwa kila mgeni mwenye huruma.
Dola kumi na mbili mchana, kumi na tano usiku,
maana usiku huruma hupanda bei
kama barafu siku za joto.

Duka langu liko nyuma ya soko, hapa Siem Reap,
hatua mia moja kutoka mtaa wa baa.
Sreyneang huja akimvuta mteja kwa upindo wa shati.
Ana miaka kumi na mitatu, na mtoto begani.
"Sitaki pesa," humwambia. "Nataka maziwa tu."
Hilo *sitaki pesa* ndilo ufunguo.
Nimeona mijitu yenye ndevu ikifuta machozi mbele ya rafu yangu.
Hulipa. Hupiga picha. Huondoka wepesi
kama mtu aliyetua mzigo wa kuni
mlangoni kwa mwenziwe.

Baada ya robo saa kopo linarudi.
Tunagawana nusu kwa nusu.
Nalifuta vumbi, nalirudisha mahali pake.

Mtoto? Mtoto ni wa kukodi.
Dola mbili kwa usiku, analipwa bibi jirani anayemlea.
Mama yake, Kunthea, hufua mashuka hotelini mpaka alfajiri.
Kuhusu safari za mwanawe anajua na hajui,
kama mimi ninavyojua na nisivyojua.

Usinitazame hivyo.
Mchezo sikuubuni mimi; mimi nimeupa rafu.

Sasa msikilize huyu wa kumi na nne.
Mwanamke mzee, plasta kisiginoni, hana kamera.
Alilipa, halafu badala ya kuondoka
akaomba kijiko, kikombe, na maji yaliyochemka.
Nikamwambia maji hakuna.
Akalitazama birika langu likitoa mvuke,
akangoja.

Akachana ile karatasi ya fedha mdomoni mwa kopo.
Sauti ndogo tu, *chrrr*,
na Sreyneang akashtuka kama aliyechanwa nguo.
Mtoto akanywa vikombe viwili, macho juu,
mkono mmoja umeng'ang'ania kijiko.
Sikuwahi kumwona akinywa kitu dukani kwangu.
Miezi mitano.

Unadhani hapo ndipo wema ulipoanza?
Sreyneang alilia barabara nzima.
Kopo lililofunguliwa halirudi,
na bibi hakopeshi, mvua ije jua liwake.
Usiku ule alilipa kwa viatu vyake.

Kesho yake, saa nne asubuhi, mzee akarudi.
Nikadhani amekuja kujisifu.
Akanunua sabuni, kipande kimoja, kwa bei ya kila mtu,
akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa
akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza:
Mama wa mtoto yuko wapi?
Anafanya kazi gani? Wapi? Analipwa nini?

Nilipotaja jina la hoteli, aliitazama mikono yake muda mrefu.
Shuka alilolalia lilikuwa bado na mkunjo wa pasi ya Kunthea.

Hakumpa mtu hata senti siku ile. Na akaunti aliiomba,
nimesikia, kwa meneja mwenyewe, amesimama,
na wageni wengine wawili nyuma yake.
Meneja alijibu nini sijui.
Kunthea hajaniambia, nami sina uso wa kumwuliza.
Ila tangu mwezi uliopita hufua mchana,
na jioni namwona akipita, mwanawe mgongoni,
hageuki kulitazama duka.

Wanasema kutoa ni moyo.
Sawa. Lakini moyo hauna macho,
na mitaa yetu ina kona nyingi.

Sreyneang amepata mtoto mwingine, wa kaka yake.
Jana alinitazama, akalitazama kopo jipya rafuni,
kitako chake bado safi.
Msumari uko kwenye droo.
Nimeushika mara mbili leo.